Uzi maalumu: Kuunda upya miguu ya mbele ya Hilux LN106. Usukani ukitetemeka, anza na kingpini, si shokapu ya usukani

#1 MzigoEyasi (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Uzi huu ni kwa wenye Hilux za kizazi kilichoanza 1988, hasa LN106 ya dizeli yenye injini ya 3L, lita 2.8, ekseli ya mbele ya kipande kimoja na springi za majani mbele na nyuma. Gari hizi bado zinapiga kazi kubwa huku kwetu. Mimi nabeba vitunguu kutoka Mang'ola kupandisha Karatu, na anayeijua njia ile, vumbi lake na mawe yake, anajua miguu ya mbele inavyoteseka.

Nisizunguke. LN106 ikianza kutetemesha usukani, usinunue shokapu ya usukani. Usikimbilie alaimenti. Usimruhusu mtu akaze ile skrubu ya juu ya stelingi boksi, lile kasha la gia za usukani. Anza na beringi za kingpini, yaani mhimili ambao tairi la mbele hugeukia, na ukishafungua hapo, unda upya kifundo chote kwa mara moja. Nasema kifundo nikimaanisha lile kasha la chuma linalogeuka pamoja na tairi, ambalo ndani yake imo sivi jointi (kiungo kinachozungusha tairi hata likiwa limekatwa kona) na juu na chini yake ndiko zinakokaa hizo beringi.

Dalili wengi mnaijua. Uko kwenye lami, spidi kati ya 60 na 80, tairi moja inakanyaga kashimo au matuta ya rasta, basi usukani unaanza kuchapa kushoto na kulia kwa kasi, dashibodi nzima inalia, abiria anashika mlango. Hautulii mpaka ushushe spidi sana. Halafu gari inatulia, unaendelea na safari, unasahau hadi kashimo kengine.

Gari yangu ilipofikia hapo, gereji ya kwanza niliyoipeleka ilifunga shokapu mpya ya usukani. Tetemeko likapotea kabisa, nikalipa. Baada ya muda likarudi na nguvu zaidi, na shokapu ile mpya ikawa inavuja. Sababu iko wazi ukiifikiria: shokapu ya usukani inameza mtikisiko, lakini beringi iliyolegea inaendelea kugongwa kila siku kule ndani, na ulegevu unaongezeka huku wewe husikii. Maumivu yamefunikwa, ugonjwa uko palepale. Ndiyo maana nasisitiza: ukiwa na shokapu ya usukani kwenye gari, ivue kwanza kabla hujapima chochote, kisha endesha taratibu uone gari inasema nini bila kuzibwa mdomo.

Kupima kabla ya kununua hata nati moja

Pandisha ekseli kwa jeki, weka stendi imara chini ya ekseli pande zote mbili, weka vizuizi tairi za nyuma. Jeki peke yake haitoshi, na mtu asiingie chini ya gari iliyosimama kwenye jeki. Hilo sina mjadala nalo.

Shika tairi juu na chini, sukuma huku, vuta kule. Ikicheza, mwite mtu akanyage breki ya mguu, halafu rudia. Ulegevu ukipotea breki ikiwa imekanyagwa, tatizo ni beringi za habu, kwa sababu breki imefunga diski na kalipa kuwa kitu kimoja na kifundo. Ulegevu ukibaki vilevile na breki imekanyagwa, basi kifundo chenyewe kinacheza juu ya ekseli, na hapo ni kingpini. Kipimo hiki hakigharimu chochote na kinakuokoa usibadilishe beringi za habu bure.

Kisha shika tairi kushoto na kulia. Ikicheza hapo, angalia tairodi endi, yaani ncha za fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele, na dragi linki, fimbo inayotoka stelingi boksi. Njia nzuri zaidi ni kushusha gari chini, mtu mmoja akae kwenye usukani auchezeshe kidogo kidogo kulia na kushoto, wewe lala chini uweke kidole juu ya kila jointi, nusu ya kidole upande huu wa jointi na nusu upande ule. Jicho linaweza kudanganywa na tope, kidole hakidanganyiki.

Jambo la mwisho, chomoa tairodi kwenye kifundo ili kila upande ubaki peke yake, halafu geuza kifundo kwa mkono kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mguu wangu wa kushoto ulipofika katikati, yaani pale tairi linapotazama mbele sawasawa, uliingia kama kwenye kigenge na kukaa. Ukiusukuma unatoka, ukiurudisha unaingia tena. Nilipokuja kuvitoa vikombe vya beringi, niliona mistari iliyochimbika, mmoja kwa kila roli, kwa sababu gari hutumia maisha yake mengi ikienda mbele moja kwa moja, na roli zile hugonga sehemu ileile miaka yote. Beringi ya namna hiyo haina marekebisho. Ukiikaza zaidi unaongeza kigenge, na usukani unakuwa mgumu kurudi wenyewe ukitoka kwenye kona.

Kufumua

Fanya upande mmoja mpaka uishe ndipo uende wa pili. Upande uliobaki mzima ndio kitabu chako.

Kalipa ikitolewa isining'inie kwa paipu ya breki, ifunge na waya kwenye springi. Frihabu, kile kifungio cha 4x4 katikati ya tairi, ina washa za koni ambazo hazitoki kwa kubembeleza. Legeza nati, ziache zibaki kwenye ncha za stadi, halafu gonga pembeni ya frihabu kwa kipande cha shaba nyeupe au shaba nyekundu, si nyundo ya chuma moja kwa moja. Zitaruka zenyewe. Baada ya hapo kuna pete ya kufungia shafti, halafu nati mbili kubwa za spindo (bomba la chuma linalobeba habu) zenye washa ya kukunja katikati. Soketi yake ni ya milimita 54. Tafadhali inunueni hii soketi au muazimane. Nimeona nati nyingi zimeng'olewa kwa patasi, na ukiifungua habu ya namna hiyo unakuta vipande vya chuma vimo ndani ya grisi ya beringi.

Ukitoa spindo na kuvuta sivi jointi nje, angalia kinachotoka. Grisi nzima ni nzito na nyeusi, inang'ang'ania. Kwangu ilimwagika uji wa kijivu unaonuka oili ya difu. Maana yake sili ya ndani ya ekseli, ile inayoizuia oili ya difu isije kwenye kifundo, imekufa. Oili inaingia, inayeyusha grisi, beringi ya chini ya kingpini inabaki inaogelea kwenye uji usio na nguvu ya kulainisha, na maji na mchanga vinakaa palepale chini. Ndiyo sababu mara nyingi beringi ya chini hufa kabla ya ile ya juu.

Wakuu, hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Fundi anabadilisha beringi nne za kingpini, anaacha sili za zamani, gari inatoka imenyooka. Mvua mbili baadaye uji umerudi. Sili ile ni kitu kidogo cha bei ndogo kilichokaa mahali ambapo huwezi kukifikia bila kufumua kila kitu. Ukishafika pale, ibadilishe hata kama inaonekana nzima.

Na kabla hujailaumu sili, tafuta pumzi ya ekseli, kile kikofia kidogo juu ya nyumba ya difu. Kwenye vumbi letu kinaziba. Ekseli ikipata joto, hewa ndani inatanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili. Ukivuka mto ekseli ikiwa ya moto, kinyume kinatokea, inapoa ghafla na kunyonya maji. Ivue, ioshe na dizeli, ipulize mpaka ipumue. Wengine hufunga paipu na kuipandisha juu kwenye boneti, na ninawaunga mkono.

Shimu na kurudisha

Juu ya kifundo kuna mkono wa usukani, chini kuna kofia. Chini ya vyote viwili kuna shimu, visahani vyembamba vya chuma. Vifunge kwa waya na karatasi iliyoandikwa: kushoto juu, kushoto chini, kulia juu, kulia chini. Visichanganywe. Shimu zinafanya kazi mbili: zinaweka kiasi cha kubana beringi, na zinakiweka kifundo katikati ya mpira wa ekseli, yaani lile tufe la chuma kwenye ncha ya ekseli, ili shafti ipite bila kuegemea upande mmoja wa sili. Ukizipanga ovyo utapata beringi iliyobana vizuri lakini sili inayokatwa na shafti kila mzunguko.

Vikombe vipya vya beringi vigongwe mpaka mlio wa nyundo ubadilike, kutoka mlio mtupu kuwa mlio mzito. Hapo umefika chini. Osha mpira wa ekseli ung'ae, pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama kwenye mikwaruzo ya kutu, isugue taratibu kwa msasa laini, la sivyo sili ya nje, ile ya kitambaa kizito na raba, itakatwa upya.

Kubana kwa beringi kunapimwa kwa mizani ya kuning'iniza, ileile ya kupimia nyama au samaki. Shafti ikiwa haijarudishwa, sili za nje hazijafungwa na tairodi haijaunganishwa, ingiza ndoano kwenye tundu la tairodi, vuta taratibu, soma namba kifundo kinapoanza kusogea, linganisha na kitabu cha matengenezo cha toleo lako. Kwa mkono utasikia uzito laini usiokatika, bila kigenge, na kifundo kitabaki pale ulipokiacha badala ya kuanguka chenyewe. Kikiwa chepesi mno ondoa shimu nyembamba, kikiwa kizito ongeza.

Grisi ya sivi jointi na kifundo iwe ile yenye molibdenamu, na kifundo kijazwe kiasi cha robo tatu. Usikijaze mpaka pomoni.

Kitu cha mwisho hapa, na ni cha usalama: stadi nne zinazoshika mkono wa usukani juu ya kifundo. Zisafishe grisi kabisa kabla ya kufunga, washa za koni ziwe safi, zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, na uzirudie baada ya kutembea kidogo. Zikilegea zinakatika moja moja, na ya mwisho ikikatika huna usukani upande ule.

Springi na bushi nitaeleza chini kadiri maswali yanavyokuja, maana mkono umechoka. Karibuni.

---

#2 KijanaWaKateshi

Mkuu shukrani sana kwa darasa. Mimi yangu haitetemeki, ila inatembea upande. Ukiwa nyuma yake unaona kabisa gari inaenda kama kaa. Nimepeleka alaimenti wameniambia kamba (kulala kwa tairi ndani au nje) imepinda, wanataka kuirekebisha. Ni kweli kamba inaweza kuwa tatizo?

#3 MzigoEyasi

Mkuu, usikubali kukatwa wala kupondwa nyundo mpaka uangalie sentabolti. Ile bolti inayopita katikati ya majani ya springi, kichwa chake kinakaa kwenye tundu la ekseli. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, zikilegea, ekseli inaanza kutembea juu ya springi na inaikata ile bolti. Ikishakatika, upande mmoja wa ekseli unasogea nyuma au mbele, na gari yote inatembea kwa pembe.

Pima kwa futi: kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, kushoto na kulia, tairi zikiwa zimenyooka. Zikitofautiana sana, angalia sentabolti zote nne kabla ya kumsikiliza mtu wa kamba. Na ukifunga yubolti, nunua mpya. Za zamani zimeshavutika.

#4 FundiUngaLtd

Naongezea kidogo kwa mleta uzi, mimi niko kwenye gereji Unga Limited, Arusha, hizi gari zinaingia kila wiki.

Ameeleza vizuri. Nitasisitiza suala la beringi. Sokoni kuna boksi zinazofanana na za Koyo na NTN, kampuni za beringi za Japani, ambazo ndani yake si zenyewe. Kagua maandishi yaliyochorwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye boksi. Maandishi halisi yamechorwa safi na yanalingana, ya bandia mara nyingi ni hafifu au yamepinda. Zungusha beringi ikiwa kavu karibu na sikio, isikike laini. Nunua kwa muuzaji ambaye ukirudi kesho utamkuta.

Pili, mteja akija na shokapu za mbele zinazovuja, tunabadilisha mbili kwa pamoja. Moja mpya na moja ya zamani ni kuharibu hela.

Tatu, spindo. Ndani yake kuna bushi ya shaba inayoshika shafti. Watu wengi hawaiangalii. Ingiza shafti kwa mkono uitikise, ikicheza sana ibadilishe, maana shafti inayocheza inakula ile sili uliyoweka mpya.

#5 MzigoEyasi

Fundi, hilo la bushi ya spindo ni muhimu, ahsante. Wakuu, chukueni hilo pamoja na la kwangu.

#6 MamaTipa_Babati

Habari wanajukwaa. Mimi ni mmiliki, siyo dereva, gari inaendeshwa na kijana wangu. Ameniambia tuongeze jani moja kwenye springi za mbele na tufunge shekeli ndefu (vile viungo kati ya ncha ya springi na chasisi) ili gari inyanyuke, ibebe mzigo vizuri. Baada ya kufanya hivyo usukani umekuwa mwepesi na haurudi wenyewe kwenye kona. Nimeambiwa pampu ya usukani imechoka. Naombeni ushauri.

#7 MzigoEyasi

Shikamoo mama. Usinunue pampu.

Shekeli ndefu zimeigeuza ekseli. Kwenye springi za majani, shekeli iko upande mmoja, na ukiirefusha unazungusha ekseli kidogo kwenye mhimili wake. Mwinamo wa kingpini kuelekea nyuma, ambao mafundi wanauita kasta, unapungua. Kasta ndiyo inayoufanya usukani urudi wenyewe na gari ishike njia bila kukimbizana nayo. Ikipungua unapata hicho hicho unachokieleza: usukani mwepesi, hautaki kurudi, gari inatangatanga barabarani. Na tetemeko nalo huwa karibu, hasa kama beringi za kingpini si nzima.

Rudisha shekeli za kawaida. Kama gari lazima inyanyuke kwa sababu ya njia, fanya hivyo kwa springi zilizotengenezwa kwa urefu huo, na kama kasta bado haitoshi kuna kabari za chuma zinazowekwa kati ya springi na ekseli kuirudisha. Kabari ziwe za chuma, siyo alumini, kwa njia zetu za mawe alumini inapasuka. Na kuhusu mzigo, mama, mzigo mwingi wa pikapu unakaa ekseli ya nyuma. Jani la ziada mbele linafanya gari igonge zaidi na halisaidii kubeba.

#8 MamaTipa_Babati

Marahaba mwanangu. Nitamwonyesha kijana huu uzi. Mungu akubariki.

#9 Jangwani_Kajiado

Salamu kutoka Kajiado. Nimesoma hii thread yote. Mimi niko na Hilux LN167, ile ya baadaye, yenye miguu inayojitegemea mbele na ina torsheni baa (fimbo za chuma zinazojipinda badala ya springi), haina ekseli moja. Je, hii hesabu ya kingpini inanihusu? Nimeambiwa na fundi wangu wa Grogan, Nairobi, nikaze torsheni baa gari ipande, imekaa chini mbele.

#10 MzigoEyasi

Karibu ndugu yangu wa Kajiado. Kingpini haikuhusu, gari yako ina boli jointi juu na chini. Lakini kanuni ni ileile: tafuta kilicholegea kabla ya kukaza kitu.

Torsheni baa ya gari yako inafanya kazi kupitia mkono wa juu. Ukiikaza gari inapanda, kweli, lakini hujaongeza nguvu ya springi, umebadilisha tu mahali inapokaa. Mkono unakaa karibu na mwisho wake wa kushuka, gari inakuwa ngumu, na sivi jointi na boli jointi zinafanya kazi kwa pembe mbaya. Mabuti ya sivi yanapasuka mapema. Kama gari imekaa chini, angalia kwanza bushi za mikono na kama baa yenyewe imechoka. Ukiitoa, weka alama ya rangi kwenye meno yake kabla hujaivuta na uandike kushoto na kulia, kwa sababu baa hizi hazibadilishani pande.

Na boli jointi tafadhali zipime mapema. Mpira uliopasuka na jointi inayocheza si jambo la kusubiri mwisho wa mwezi. Ikichomoka, tairi linalala chini ya gari ukiwa kwenye mwendo.

#11 Jangwani_Kajiado

Asante sana. Nimeelewa. Nitaanza na boli jointi wikendi hii kabla sijagusa baa.

#12 BushiZaPlastiki

Mleta uzi umeacha bushi za springi. Mimi nashauri watu waache mpira, wafunge za poliyurethani. Zinadumu, haziliwi na mafuta, gari inakuwa imara. Nimefunga na sijajuta.

#13 MzigoEyasi

Mkuu, nakuheshimu, na kwa mtu anayekimbia lami naona hoja yako. Kwa njia za mawe na vumbi mimi nabaki na mpira.

Mpira unameza mtikisiko mdogo mdogo wa njia mbovu, na ukiharibika unaonekana. Poliyurethani ni ngumu zaidi, mtikisiko unapelekwa kwenye mabano ya springi na kwenye chasisi, na gari zetu zina umri. Kagua mabano ya chasisi ya LN106 yako karibu na shekeli, utaona nyufa nyingi zilianzia pale. Pia bushi hizo zinataka grisi yake maalumu na kusafishwa, bila hivyo zinalia mpaka uchoke, na mchanga ukiingia kati ya bushi na pini unakula pini.

Lakini mpira nao una sheria yake. Ukifunga bolti za springi na shekeli gari ikiwa hewani, ukizikaza kabisa pale, mpira unashikwa ukiwa katika mkao ambao si wake. Ukishusha gari, mpira unabaki umejikunja siku zote, unachanika mapema, na gari inakaa juu kuliko kawaida kwa uongo. Funga kwa mkono tu, shusha gari chini kwenye tairi zake, irushe mbele juu chini ikae, kisha ndipo ukaze kwa nguvu ya mwisho. Nimeona bushi nzuri za Kijapani zikilaumiwa kwa kosa hili.

#14 FundiUngaLtd

Nakazia hapo kwenye kukaza gari ikiwa chini. Hata kwenye zile zenye mikono na boli jointi sheria ni hiyo hiyo kwa bushi za mpira.

#15 DerevaHifadhi

Mimi naendesha Land Cruiser pikapu HZJ79 yenye injini ya 1HZ, njia ya Ngorongoro kuelekea Serengeti, mnaijua ile barabara ya mabati. Nina tetemeko kama alilolieleza mleta uzi. Kingpini zilibadilishwa mwaka jana na fundi wa kuaminika, nimepima kwa breki, haichezi. Sasa nini?

#16 MzigoEyasi

Kaka, HZJ79 tangu toleo la 1999 ina koili springi mbele. Ekseli ni moja kama ya kwangu lakini haijashikwa na springi za majani, imeshikwa na mikono miwili mirefu kwenda nyuma, na fimbo moja ya pembeni, panhadi rodi, inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia. Bushi ya panhadi rodi ikila, ekseli inacheza pembeni kila usukani unapovutwa, na tetemeko linaanza hapo.

Gari ikiwa chini, mtu achezeshe usukani, wewe tazama ncha mbili za ile rodi. Ukiona bolti inasogea ndani ya bushi, au tundu la bano limekuwa la yai, umepata. Baada ya hapo kagua bushi za mikono mirefu. Pia balansi ya tairi. Tairi zilizolika mawimbi zinaweza kuamsha tetemeko hata kama kila kitu kingine ni kizima.

#17 DerevaHifadhi

Nimelala chini sasa hivi na tochi. Bushi ya panhadi upande wa chasisi imekwisha kabisa, bolti inapiga chuma. Ubarikiwe mkuu.

#18 Mgeni_Simanjiro

Samahani kwa swali la mtu asiyejua. Baada ya kazi yote hii alaimenti inahitajika? Huku Orkesumet hakuna mashine.

#19 MzigoEyasi

Swali zuri kabisa, halina haja ya samahani.

Kwenye ekseli ya kipande kimoja, kitu kinachorekebishika kwa urahisi ni kimoja: jinsi tairi mbili zinavyokaribiana mbele kuliko nyuma. Kulala kwa tairi ndani au nje kumeshafungwa ndani ya chuma cha ekseli, na kama kumebadilika basi ekseli imepinda au beringi zimelegea. Anayekutoza pesa ya kurekebisha hicho kwenye LN106 bila kugusa ekseli, muulize amegeuza bolti gani.

Unaweza kupima nyumbani. Sogeza gari mbele kidogo kwenye sakafu tambarare isimame yenyewe, usukani umenyooka, usiirudishe nyuma. Pandisha tairi, izungushe, chora mstari mwembamba wa chaki katikati ya kashata zake, fanya zote mbili. Shusha, irushe gari ikae, isogeze tena mbele kidogo. Pima kwa futi mstari hadi mstari upande wa mbele wa tairi kwa urefu wa katikati ya habu, halafu upande wa nyuma kwa urefu uleule. Mbele inatakiwa iwe fupi kwa milimita chache, namba kamili iko kwenye kitabu cha toleo lako. Legeza klampu za tairodi, zungusha bomba lake, pima tena. Ukimaliza, klampu zikazwe na usisahau kuangalia kwamba hazigusi kitu tairi likikatwa mwisho.

Tairi zikianza kulika kama meno ya msumeno kwa ndani au nje, rudi kwenye kipimo hiki kabla hazijaisha.

#20 Mgeni_Simanjiro

Ahsante sana mkuu. Swali la mwisho: baada ya kuunda upya, nirudie kukagua nini?

#21 MzigoEyasi

Kilomita mia chache za kwanza, na hasa baada ya safari ya kwanza yenye mzigo: yubolti zote nane, stadi za mkono wa usukani, nati za tairodi na pini zake za kufungia, na joto la habu. Gusa habu ukisimama baada ya mwendo. Ya vuguvugu ni sawa. Ikikuchoma, beringi za habu zimekazwa mno, ifungue uziweke upya kabla hujaendelea. Pia pitisha kitambaa nyuma ya kifundo, pale kwenye sili ya nje. Filamu nyembamba ya grisi ni kawaida. Ukikuta majimaji yanayonuka oili ya difu, rudi kwenye pumzi ya ekseli kwanza, kisha sili ya ndani na bushi ya spindo aliyoitaja fundi pale juu.